Historia ya Mafuriko ya Ziwa Letu, na Swali la Sanduku la Maafa



Kamati ya kambi ilipotuomba sisi walimu tuandike historia kidogo kwa ajili ya toleo hili la ukumbusho, wengi walitegemea tutaandika juu ya vita, kwa kuwa ndivyo vilivyotuleta hapa Burundi. Juu ya vita wameandika wengi na wataandika wengine. Sisi tumechagua maji. Sababu yake kila mtu kambini anaijua. Masika yaliyopita korongo lililo chini ya bloku D lilibomoka usiku, nyumba nne zikaenda na vyombo vyote, na tangu siku hiyo mkutano wa kambi haujamaliza ubishi juu ya Sanduku la Maafa. Tunamshukuru Mungu kwamba hakufa mtu. Lakini neno moja lililosemwa asubuhi ile limetukaa kichwani: "Huku ni mlimani. Nani alijua kwamba maji yatatufuata mpaka huku?"

Swali hilo ni la kihistoria, na tutalijibu kwa njia ya historia. Tunaanzia kwenye ziwa, kwa sababu wengi wetu tumetoka Uvira, Baraka, Fizi na Kalemie, na ziwa lile ndilo lililotulea.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinazidi meta 1,400. Mito mingi inaingia humo, Rusizi upande wa kaskazini na Malagarasi upande wa mashariki, lakini maji yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, pale Kalemie. Mlango huo ndio wenye siri. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alipita na mitumbwi akafika Lukuga, akasema hapa ndipo ziwa linapotokea, ingawa matete na majani yalikuwa yameziba. Miaka miwili baadaye, 1876, Stanley alifika mahali hapo hapo, akachunguza, akasema maji hayatoki bado ila yatatoka ziwa likizidi kupanda. Watu wa Ulaya wakabishana nani mwongo. Kumbe wote wawili walikuwa wameona kweli, kila mmoja kwa mwaka wake, kwani ziwa lilikuwa linapanda na mlango ulikuwa haujafunguka.

Stanley huyo huyo aliacha habari moja ambayo huwa tunawasomea wanafunzi wetu. Mwaka 1871 alipokutana na Livingstone kule Ujiji, palikuwa na miti mitatu ya michikichi sokoni. Aliporudi 1876 aliikuta miti ile imesimama ndani ya ziwa, mbali na ufuko, na mchanga walioutembelea pamoja ulikuwa umefunikwa. Fikirini soko zima linaingia majini kwa muda wa miaka mitano. Halikuingia kwa kishindo. Liliingia kidogo kidogo, masika hadi masika, na kila mwaka mwenye nyumba ya ufukoni alijiambia kwamba mwaka ujao maji yatarudi.

Mnamo 1878 maji yaliushinda uchafu ule wa Lukuga. Mmisionari Hore alikwenda huko 1879 akakuta mto wenye nguvu unakimbia kuelekea magharibi. Tangu hapo ziwa likaanza kushuka, na katika miaka kama 15 lilishuka meta 10 hivi. Ujiji ikaachwa nyuma na ufuko wake. Leo mahali pa ukumbusho wa Livingstone, ambapo zamani mtu angeweza kunawa miguu ziwani, ni mwendo wa dakika kadhaa kutoka majini.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Ziwa lilipoondoka liliacha ardhi. Ilikuwa ardhi tambarare, yenye udongo laini, rahisi kulima na kujenga, tena karibu na samaki. Wakoloni walipofika mwishoni mwa karne ya 19 waliikuta wazi. Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, na Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, zilikua kando ya ziwa lililokuwa limeshuka, na mitaa yake ya chini ilienea humo. Uvira yetu imebanwa kati ya milima ya Mitumba na maji, nayo haikuwa na mahali pengine pa kupanuka. Gatumba ikakaa katika bonde la Rusizi. Baba zetu walinunua parsele, wakapewa karatasi za mji zenye muhuri, wakajenga. Hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa kwamba parsele hii ilikuwa chini ya ziwa wakati wa babu yako.

Maji yalirudi kudai mali yake mwaka 1961. Mvua za mwisho wa mwaka ule zilikuwa kubwa katika Afrika Mashariki yote na Kongo. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya meta mbili kufikia 1964. Mto Kongo ulifurika Kinshasa, wakati ule ikiitwa Léopoldville, kiasi kwamba mpaka leo wapimaji wa mto wakiona maji mengi huulizana kama yamefikia ya 1961. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda mfululizo mpaka likafika kilele chake mwezi Mei 1964.

Sasa waulizeni wazee wa Uvira walio nasi hapa: mwaka 1964 kulikuwa na nini? Watajibu wote kwa sauti moja: vita vya Simba. Na ni kweli. Mwezi ule ule wa Mei 1964 wapiganaji waliuteka mji wa Uvira, na mwezi wa Juni wakaichukua Albertville. Watu walikimbia, wengine wakavuka Rusizi kuja huku huku Burundi tulipo sisi leo. Walioziacha nyumba za ufukoni hawakujua kama nyumba zimeharibiwa na maji au na risasi. Waliporudi, ziwa lilikuwa limeanza kushuka na mambo ya kusimulia yalikuwa mengine, ya kutisha zaidi. Kwa hiyo kumbukumbu ya maji ilizama ndani ya kumbukumbu ya vita. Sisi tuliozaliwa miaka ya 80 na 90 hatukuambiwa kamwe kwamba ziwa linajua kupanda. Tuliambiwa tu tusiogelee mbali kwa sababu ya mamba.

Hatuwalaumu wazee. Mtu aliyekimbia risasi hahesabu meta za maji. Tunachosema ni kwamba mahali panapoitwa salama mara nyingi ni mahali ambapo aliyeona hatari amekufa, au amehama, au alikuwa na shida nyingine kubwa zaidi siku ile.

Basi yaliyofuata tumeyaona kwa macho yetu. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua ilinyesha juu ya Bujumbura, na mitaa ya kaskazini, Kamenge, Kinama na Buterere, ikapigwa na maji ya makorongo. Zaidi ya watu 60 walikufa. Haikuwa ziwa. Yalikuwa maji yanayoshuka kutoka vilimani, katika mitaa ambayo watu wake walizoea kuwahurumia wale wa ufukoni.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 ikawa zamu ya Uvira. Mto Mulongwe, ambao kiangazi mtoto huuvuka bila kulowesha kaptula, ulishuka na mawe makubwa kama gari dogo, ukabeba daraja na nyumba. Waliokufa walizidi 40, na maelfu ya familia wakabaki bila makazi. Wengine wetu tulikuwa huko. Tunachokumbuka zaidi ni sauti, kwa maana mawe yakigongana ndani ya maji hutoa sauti kama ngoma iliyofunikwa nguo. Mlima ulikuwa umekatwa miti kwa makaa na kwa mashamba, na mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia vita vya milimani, wakajenga mahali palipobaki, yaani kando ya mto. Mwezi ule ule Rusizi ilifurika Gatumba, ng'ambo ya mpaka, na maelfu wakahamia kwenye mahema. Kisha ziwa lenyewe likapanda tena mwaka hadi mwaka, mpaka Aprili 2024 serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa wakatoa mwito wa msaada.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, maji na matope yalishuka Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Walikufa zaidi ya watu 400. Na katika mwezi wa Mei 2025, usiku, mto Kasaba ulikumba kijiji cha jina hilo kule Fizi, wakafa zaidi ya 60. Wenye ndugu huko wako kati yetu, nasi tunawapa pole kwa mara nyingine katika ukurasa huu.

Katika habari zote hizo kuna swali ambalo magazeti hayaulizi: kesho yake nani alimlipa mwenye nyumba? Jibu ni kwamba hakuna. Msaada ulikuja, na tunaushukuru: hema, shitingi, sufuria, sabuni, unga. Lakini msaada hupimwa kwa vichwa, haupimwi kwa kilichopotea. Fundi cherehani aliyepoteza cherehani tatu alipata blanketi sawasawa na jirani yake ambaye hakuwa na kitu.

Kazi ya kulipa kilichopotea duniani ina jina lake, nalo ni bima, au asiransi kama tulivyozoea kusema kwetu. Katika Kongo historia yake ni fupi. Mwaka 1966 serikali iliunda SONAS, nayo ikashika kazi hiyo peke yake kwa karibu nusu karne. Mwaka 1973 sheria ililazimisha bima ya magari, na kwa raia wa kawaida asiransi ikawa maana yake ni kile kikaratasi cha kioo cha gari ambacho polisi wa barabarani hukitafuta. Sheria ya Machi 2015 iliondoa ukiritimba huo, na kuanzia 2019 kampuni binafsi zikapewa leseni. Hata hivyo, mama muuza ndagala wa Mulongwe hakubishiwa hodi na mtu yeyote akimwambia: tuandikishe nyumba yako dhidi ya mto.

Je, ni ubaya wa kampuni? Kwa sehemu tu. Lazima tueleze namna bima inavyofanya kazi, maana ubishi wa kambi yetu unatokana na kutolielewa jambo hili. Nyumba elfu zikilipa kidogo kidogo, na moto ukaunguza moja, zile 999 zinaweza kuijenga tena. Moto huchagua. Mafuriko hayachagui, hubeba avenyu nzima kwa usiku mmoja, na wote waliokuwa wakichanga wanakuwa wakidai siku moja. Tena kuna jambo la pili. Ukisema anayetaka alipe, atakayekuja mbio kulipa ni yule wa kando ya mto, na yule wa juu atabaki na pesa yake mfukoni. Hapo mchango wa kila mtu lazima uwe mkubwa, nao wa kando ya mto ndio maskini kuliko wote, hawauwezi.

Hata nchi tajiri zilikwama hapo. Marekani, baada ya gharika ya mto Mississippi mwaka 1927, kampuni zilikimbia biashara hiyo, na serikali yenyewe ikabidi ianzishe bima ya mafuriko mwaka 1968. Huko wanachora ramani na kusema hapa pana hatari, hapa hapana sana. Matokeo yake ni kwamba anayekaa nje ya mstari anajiona amepona. Mwaka 2017 mvua ya kimbunga Harvey iliponyesha Houston, nyumba nyingi zilizojaa maji hazikuwa na bima ya mafuriko, na nyingi zilikuwa nje ya mstari ule wa hatari kubwa. Ufaransa walichukua njia nyingine. Sheria yao ya tarehe 13 Julai 1982 ilimtaka kila mwenye bima ya mali aongeze sehemu ile ile kwa ajili ya maafa ya asili, akae mlimani au akae bondeni. Sisi tunaiona hiyo ya Ufaransa kuwa na akili zaidi, ingawa tunakubali kwamba inahitaji watu ambao tayari wana bima, na serikali nyuma yao yenye hazina.

Sisi hatuna vyote viwili. Tuna likelemba. Tunajivunia likelemba zetu na mashirika yetu ya akiba, na ni haki yetu, kwani zimesomesha watoto na kuzika wafu. Lakini tuseme wazi kilichotokea Uvira mwaka 2020. Likelemba nyingi zilikuwa za avenyu moja, majirani na majirani, kwa sababu uaminifu huko ndiko uliko. Maji yalipokuja, aliyekuwa na zamu ya kupokea na waliokuwa na zamu ya kutoa wote walikuwa wamekaa juu ya paa moja. Sanduku lenyewe, kufuli tatu na wenye funguo watatu, lilipatikana kwa wengine likiwa limejaa matope, na kwa wengine halikuonekana tena. Chama cha watu wanaolala mahali pamoja hakiwezi kuwakinga na kitu kinachokuja mahali pamoja.

Na hapa kambini tumerudia kosa hilo hilo. Baada ya korongo la bloku D kuanza kula udongo, miaka kadhaa iliyopita, kina mama wa bloku ile walianzisha mfuko wao, faranga 500 kwa kila nyumba kila mwezi. Waliomba bloku za juu zijiunge, zikakataa. Usiku wa nyumba nne mfuko ule uliisha wote kwa siku mbili, na haukutosha hata mabati ya nyumba moja. Sisi wenyewe, tuseme ukweli, tulikuwa kati ya waliokataa. Tunakaa bloku A.

Katika mkutano wa mwisho mzee mmoja wa juu alisimama akasema, "Walimu, mimi niko kileleni. Mnataka nilipie maji ambayo hayajui njia ya kwangu?" Watu wakacheka. Mama mmoja wa bloku D akamjibu kwa heshima: "Baba, Agosti upepo ulipong'oa shitingi yako na za majirani zako, mlikuja kulala kwa nani? Mlilala kwetu huku chini, tulikojificha na upepo. Hatukuwaomba faranga." Mzee alikaa. Hakukubali, lakini alikaa.

Maneno ya mama yule yana hesabu ndani yake, na ndiyo hesabu tunayotaka kamati iifanyie kazi. Juu kuna upepo, na moto, kwa kuwa nyumba zimebanana na majiko yako ndani. Chini kuna maji na korongo. Upepo wa Agosti na maji ya Aprili havigongi hodi siku moja. Mfuko wa bloku moja hufa usiku mmoja, lakini mfuko wa bloku zote, wenye kulipia upepo, moto na maji kwa kipimo kile kile, una nafasi ya kupumua kati ya janga na janga. Kama kamati itazungumza na wenzetu wa kambi nyingine, ambako mvua haianguki siku ile ile na huku, nafasi hiyo itaongezeka.

Wapo wanaosema kwamba mkimbizi hana nyumba, nyumba ni ya shirika, basi wakilinde wenyewe walichokitoa. Tunaelewa uchungu wa maneno hayo. Lakini shirika lilitoa miti na shitingi. Matofali tulifyatua sisi, na cherehani, mbuzi, baiskeli, vitabu vya watoto na karatasi za shule tulizovuka nazo mpaka, hivyo si vya shirika. Katika nyumba nne zilizokwenda, kilichomliza kijana mmoja hakikuwa ukuta. Ilikuwa diploma yake ya sekondari, aliyoipitisha Rusizi akiwa ameifunga kichwani. Hakuna sanduku litakaloirudisha hiyo, na tusidanganyane. Vilevile likija janga la kufagia bloku mbili kwa mara moja, sanduku letu litakuwa tupu kama lile la kina mama, tutarudi kusubiri malori. Tunaloweza kulilipia ni la nyumba tatu, nne, tano, na hayo ndiyo yanayotupata kila mwaka bila kuandikwa popote.

Mambo mawili yafanyike kabla ya mvua za Septemba. La kwanza, wanafunzi wa darasa la sita wameanza kuandika daftari la maji. Kila masika wanapima kwa kamba umbali kutoka mdomo wa korongo hadi mlango wa nyumba ya kwanza, wanaandika tarehe. Kipimo cha kwanza kilikuwa hatua 41 za mtu mzima. Cha mwisho ni hatua 28. Daftari hilo liko katika ofisi ya shule, na mtu yeyote anaruhusiwa kulisoma, hasa wageni wanaoletwa kupewa viwanja, kwa sababu kuna viwanja viwili pale mdomoni vilivyoachwa wazi na nyumba zilizokwenda, na tumesikia vimekwisha kupangiwa familia nyingine.

La pili ni orodha ya Sanduku la Maafa, ambayo itakuwa mezani kwa katibu kila Jumamosi baada ya mgao. Mpaka tunapoandika, bloku C na D zimejiandikisha zote, B imejiandikisha nusu. Bloku A ina majina sita. La kwanza kati ya hayo sita ni letu, na la sita, lililoandikwa Jumamosi iliyopita bila maneno mengi, ni la mzee wa kileleni.